Kilele cha Mvinje wa Mama

"Kata mguu wangu kwanza, ndipo ukate mti huu!" Mama alikuwa ameukumbatia mvinje wake kwa mikono miwili.

"Nthenya, nakata kilele tu!" Baba alifoka, panga mkononi. "Kwetu Machakos kila Krismasi tulikata mti wa majani kama haya. Bila mti, hiyo ni Krismasi gani?"

"Leo kilele, kesho matawi! Na jua la Ukunda hili, viazi karai nitauzia wapi? Kichwani kwako?"

Mimi ni Seth, nimemaliza fom foo juzi tu. Nilikuwa namenya viazi, na roho yangu iko upande wa Mama. Kivuli tunacho kimoja tu. Kikiondoka, na wateja wanaondoka.

Kelele zikamleta jirani yetu, Mzee Abdurahman. Yeye ni Mwislamu, lakini amepamba hoteli za Diani miaka ishirini, kila Krismasi.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Baba Seth, vita vya nini asubuhi hii?"

Baba akamweleza. "Au si kweli, mzee? Mti ndio Krismasi."

"La, bwana. Mti ni desturi ya Wajerumani. Kwao Disemba ni baridi kali, miti mingi haina hata jani. Ule unaobaki kijani ndio wakauingiza nyumbani, wakaupamba."

"Kumbe hautoki Bethlehemu?" Mama akauliza.

"Umetoka msituni kwao. Wameksiko nao wana ua lao jekundu, huiva rangi Disemba. Na kule Italia, miaka mia nane iliyopita, Mtakatifu Fransisko aliweka hori la nyasi, na ng'ombe na punda wa kweli. Alitaka watu waone kwa macho Yesu alivyozaliwa."

Baba akashusha panga. "Kwa hiyo kila mtu alichukua kilicho karibu naye?"

"Naam."

"Basi sisi tuna nini?"

"Mbuzi unao. Makuti yamejaa. Na Kanze, jirani yetu wa hapo nyuma, amejifungua majuzi, mtoto wa kulaza horini yuko."

Mama akaanza kucheka. "Na Yusufu?"

Sote tukamtazama Baba.

"Mimi? Na kitambi hiki?"

Siku ya mkesha, saa kumi jioni, watu walijaa chini ya mvinje. Viazi vya Mama vilikwisha, akakaanga vingine. Kanze alikuwa tayari ameketi kwenye banda la makuti na mtoto wake, na mbuzi wawili wakitafuna nyasi za hori.

Ndani, Baba alikuwa amevaa kanzu ya Mzee Abdurahman. Ilimbana tumboni.

"Seth, nikisahau maneno je?"

"Baba, katika Injili Yusufu hasemi hata neno moja."

"Hata moja? Mbona hamkuniambia?"

"Ndiyo maana tumekuchagua wewe!" Mama akajibu kutoka nje, na watu wakaangua kicheko.

Baba akafungua mdomo, akaufumba. Akatoka, akasimama bandani kando ya Kanze.