Siku Mlingoti Alipodaka Kipande Peke Yake

Enzi zile kazi ya bandarini ilianza kwa kuruka. Saa kumi na mbili asubuhi vibarua mia mbili walijazana mbele ya lango la chuma. Mnyapara alipanda juu ya pipa na kikapu cha vipande vya bati, kila kimoja na namba yake. Akavirusha hewani. Aliyedaka kipande alikuwa na kazi siku hiyo. Aliyekosa alirudi nyumbani akipangusa pua, maana viwiko vya pale havikuwa na adabu.

Bingwa wa mchezo huo alikuwa kuli mmoja mrefu, wenzake wakamwita Mlingoti. Yeye hakuruka. Aliinua mkono tu, kama mtu anayeanua shati kwenye kamba. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekaa naye nyumba moja, alikuwa mfupi. Huyo alidaka viwiko.

"Shemeji, leo umeleta nini nyumbani?" Mlingoti alimtania kila jioni.

"Jicho," shemeji alijibu. "Limevimba, tutagawana."

Walicheka. Lakini shemeji alikuwa na wiki ya tatu bila kazi, na kicheko chake kilianza kuwa kifupi kama yeye.

Jumamosi alasiri makuli walikutana uani kwa jirani, dereva wa winchi. Winchi ndiyo mashine inayoinua mizigo kutoka tumboni mwa meli. Jirani alisema wanaunda chama cha wafanyakazi. Mlingoti akakuna kichwa.

"Mwenye chama ni nani?"

"Wewe," alisema jirani.

"Mimi sijaanzisha kitu."

"Ni wewe, na mimi, na shemeji yako. Ni chetu sote. Tumechagua watu watatu wa kutusemea, ili mnyapara asimwonee mmoja mmoja."

"Na hicho chama kinafanya nini?"

"Jumatatu vipande vikirushwa, hakuna kuinua mkono. Tunafunga mikono kifuani. Tunataka majina yaandikwe kwenye daftari, kazi iende kwa zamu. Wa leo kesho anapumzika, mwenzake anaingia."

"Kwa hiyo tunakataa kazi ili tupate kazi."

"Sasa umeelewa."

"Sijaelewa," alisema Mlingoti. "Mimi naingia siku zote sita. Zamu itanipunguzia."

"Itakupunguzia, sikudanganyi. Tunadai malipo ya siku yapande, lakini hilo huenda likachelewa. Nikuulize, una miaka mingapi?"

"Thelathini na minane."

"Huo mkono utauinua mpaka lini?"

Mlingoti akamtazama mkewe, aliyekuwa anafua karibu na bomba. Alitegemea atatetewa.

"Usiniangalie mimi, bwana," alisema mke. "Mimi ndiye ninayeuchua. Bega linalia kama mlango."

Basi watu walipokubaliana, Mlingoti naye akakubali. Alichokubali hakukijua vizuri, ila hakutaka kuwa mtu pekee wa kukataa.

Jumatatu ikafika. Mnyapara akarusha vipande. Watu mia mbili wakafunga mikono. Bati likadondoka chini, likalia juu ya mawe. Kipande kimoja kikapita juu ya kichwa cha Mlingoti, na mkono wake ukainuka wenyewe, ukakidaka. Shida ya mkono uliozoea ni kwamba haukuhudhuria mkutano.

Mlingoti akautazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Afadhali wewe una akili," alisema mnyapara. "Ingia."

Shemeji alimtazama. Mlingoti alitaka kueleza. Lango likafunguliwa, na miguu nayo, kwa kuwa imezoea, ikamwingiza.

Ndani, winchi zilikuwa kimya. Gatini kulikuwa na mlima wa magunia ya sukari. Mlingoti akainama, akasubiri. Hakuna kilichotokea. Gunia la kuli hutwikwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuwafikiria wale wawili.

"Mbona hubebi?" aliuliza mnyapara.

"Nani atanitwika?"

Mnyapara akatazama kushoto na kulia. Akashika pembe ya gunia kwa mikono yake misafi, akavuta. Gunia halikusogea, ila kifungo cha shati lake kilisogea mpaka majini.

"Jitwike mwenyewe," alisema, akihema.

"Haiwezekani, bwana mnyapara. Hata ukiniajiri mara kumi, bado niko mmoja."

Mlingoti alisikia maneno yake mwenyewe, akashangaa. Akarudi langoni, akaweka kipande juu ya pipa, akaenda kusimama kando ya shemeji. Akafunga mikono, safari hii kwa nguvu.

"Nilisahau," alinong'ona.

"Tuliona mkono," alisema shemeji. "Uso wako uko juu sana, hatukuuona. Labda ulikuwa na aibu."

"Ulikuwa nayo."

"Basi yameisha. Sogea huku, unanizibia hewa."

Walisimama siku tatu. Meli ilikaa na mizigo yake tumboni, na kila siku ya kukaa ilimuuma mwenye meli. Siku ya nne wasemaji watatu wakaitwa ofisini. Walitoka na karatasi iliyotiwa saini: vipande visirushwe tena, majina yaandikwe, kazi iende kwa zamu. Malipo yatazungumzwa mwezi unaofuata. Chama kilikuwa hakina hata kiti, lakini karatasi kilikuwa nayo.

Kesho yake karani alisoma majina. Shemeji aliitwa miongoni mwa wa kwanza. Aliingia langoni akitembea polepole, viwiko vyake kando, kama bwana harusi. Mlingoti akarudi nyumbani saa moja asubuhi.

"Umefukuzwa?" aliuliza mkewe.

"Hapana. Zamu yangu kesho."

"Una hakika?"

"Imeandikwa."

Mke akaacha kufagia. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuijua kesho kabla haijafika.

Mlingoti akakaa kizingitini. Akasimama. Akakaa tena.

"Unahangaika nini sasa?" aliuliza mke.

"Sijui. Kesho ninayo. Ni hii leo ndiyo sielewi inafanywaje."