Mwaka wa Reli ya Bungu

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kengele ya shule pale Bungu ilikuwa imeibwa. Kengele yenyewe ni kipande cha ile reli ndogo ya kubebea magogo enzi za Wajerumani. Waya wake ulibaki ukining'inia, umefunguliwa taratibu, haukukatwa.

Mwalimu Sabra alishika kiuno. Saa nne mgeni wa wilaya angezindua kibao cha historia ya reli, na mwaka bado ulikuwa ugomvi. Gulamrasul mwenye duka alikuwa na barua ya babu yake, ya Kigujarati, isomwayo na yeye peke yake: reli ilifika 1912. Kijitabu cha Mzee Bwanaheri kilisema 1909, na dereva wa kwanza ni babu ya mzee mwenyewe, Shaabani. Jana Sabra alitangaza kwamba atasugua kutu ausome mwaka uliopigwa kiwandani kwenye chuma. Leo chuma hakipo, na akiandika uongo watoto watausoma maisha yao yote.

Alianzia dukani.

"Niibe shahidi wangu mwenyewe?" Gulamrasul alifoka. "Kile chuma kinanitetea mimi, mwalimu!"

Hapo alikuwa na hoja.

Saa mbili Sabra alipiga hodi kwa Mzee Bwanaheri, mtu wa adabu ambaye humwinukia hata muuza mihogo. Leo alibaki ameketi kitandani barazani, shuka likiburuta chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niwie radhi, miguu imegoma."

"Lazima igome. Reli nzito ile."

Sabra aliinua shuka. Reli ilikuwa uvunguni, imekwisha kusuguliwa: 1911.

"Chuma cha 1911 kimefikaje 1909, mzee? Halafu kijitabu chako, ukurasa wa tatu, kinasema babu alifariki 1910. Treni aliiendesha akiwa kaburini?"

Mzee alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Gulamrasul ana barua, ana picha. Mimi nina babu tu. Ningemwacha aende hivihivi?"

"Njia ya mwongo fupi, mzee. Lakini utakayesema ni wewe, si mimi."

Saa nne mzee alisimama mbele ya watu. "Jamani, reli ilifika 1912. Chuma nilikiiba mimi. Babu yangu hakuendesha treni, hata kuiona hakuiona. Alikuwa mkulima wa mpunga kule Chumbi."

Watu wakaangua kicheko. Gulamrasul hakucheka. Aliikunjua barua.

"Shaabani wa Chumbi? Mbona yumo humu! Miaka yote sikujua ni babu yako." Akasoma, akitafsiri: "'Reli imefika, lakini tangu Shaabani afariki, mpunga mzuri haupatikani tena.'"

Mzee Bwanaheri alimshika mkono.

"Rudia," alisema. "Rudia polepole, wajukuu zangu wasikie."