Kipande cha Aerojeli

Kila asubuhi kabla ya shule, Béata alishuka ziwani kuchota maji na kusugua visigino kwa jiwe la mlima wa moto. Mawe hayo yamejaa tele Goma, meusi na yenye vitundu kila upande. Lake lilikuwa jepesi, na lilikuwa likioshwa kila siku tangu alipoanza shule bila kupungua hata kidogo.

Kwa hiyo mwalimu Sikuli alipoleta kitu kipya darasani, Béata alidhani anakijua. Kilikuwa ndani ya chupa yenye mdomo mpana, kipande kidogo chenye rangi ya moshi, alichoazimwa na mzungu aliyekuja kupima mlima. Mwalimu alikiita aerojeli. Alisema kina vitundu vingi kuliko jiwe lolote la Goma, tena karibu chote ni hewa. Béata alipowekewa kiganjani hakuhisi uzito wowote. Alikodoa macho mpaka yakamuuma, asione kitundu hata kimoja. Na kama ni hewa, mbona hakipeperuki? Kichwa kilimzunguka siku nzima.

Baada ya masomo ilikuwa zamu yake na Marie-Louise kufagia. Marie-Louise alipotoka kutupa taka, Béata alifungua chupa. Alijua kwamba jiwe lenye vitundu likitiwa majini hutoa mapovu, basi akakitumbukiza kile kipande katika ndoo ya kunyunyizia sakafu. Mapovu yalitoka kweli. Kisha kikalia kwa sauti ndogo, kikapasuka, na alipotaka kukiokota akabaki na utelezi mweupe vidoleni. Béata aliduwaa. Alimwaga maji nje, akafunika chupa, akaenda nyumbani, akimwachia Marie-Louise kufunga mlango.

Kesho yake mwalimu aliikuta chupa tupu. Mwenye mali angekuja Jumamosi, na mwalimu alisema wazi kwamba wakubwa wa shule hawatamwamini tena. Akauliza nani alifunga mlango jana. Alikuwa Marie-Louise. Darasa zima likamtazama kwa jicho baya, naye akaanza kulia, maana hata hakujua ajitetee kwa lipi.

Béata aliogopa, aliona aibu, na bado hakulielewa kosa lake. Hakuiba, hakupiga kitu chini. Sasa kile kipande kilikwenda wapi? Hilo hakulijua, lakini machozi ya Marie-Louise aliyajua yametoka wapi. Akasimama.

“Mwalimu, ni mimi. Nilikitia mu maji. Marie-Louise hajui kitu.”

“Mu maji? Kwa nini, mutoto wangu?”

“Mulisema kina vitundu. Nilitaka kuviona.”

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akawauliza wanafunzi kama wamewahi kuona mchuzi wa kwato ukiganda kwa baridi. Wote walikuwa wameuona. Akaeleza kwamba aerojeli huanza hivyo, kama kitu kilichoganda, chenye kuta nyembamba zilizoshika maji maji ndani. Ukiianika juani, maji maji hayo yakitoka huzivuta kuta, nayo hunywea kama nyama iliyokaushwa juu ya moshi. Kwa hiyo mafundi huifungia katika chungu cha chuma, wakaipasha joto kwa mgandamizo mkubwa mpaka maji maji yale yasiwe na nguvu ya kuvuta tena. Huyatoa polepole kama mvuke, na hewa hubaki mahali pake. Vitundu vyake ni vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Béata aliporudisha maji ndani, maji yalizivuta zile kuta zikaporomoka.

Jumamosi Béata mwenyewe alimsimulia yule mzungu, mwalimu akitafsiri. Mgeni alikunja uso. Kisha akauliza mapovu yalidumu muda gani na sauti ilikuwaje, akaandika yote. Kabla ya kuondoka alimkabidhi mwalimu kipande kingine.

Mwalimu aliwaita wale wasichana wawili mlangoni.

“Béata, kuuliza si kosa. Ungeniuliza mimi kwanza. Ile aerojeli mafundi watapika ingine mu chungu chao. Lakini jina la mwenzako lingeharibika hapa, hakuna chungu cha kulipikia ingine. Umeliokoa kwa kusema kweli.”

Béata alimtazama Marie-Louise, akamwomba msamaha. Marie-Louise alimpa ufagio, kwa kuwa zamu ya wiki ilikuwa bado yao, naye mwenyewe akaenda kuchota maji.