Lango Namba Tatu

Sauti ilianza saa nane mchana, katika spika zilizokwisha kung'olewa.

Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa miaka kumi na miwili, na sasa jumba la abiria lilikuwa linageuzwa nyumba za kupangisha. Mtangazaji wa zamani alipata kazi ya kufagia vifusi pale pale alipotamba na kipaza sauti. Bintiye alipaka rangi ukumbini. Ndiyo dunia, haina mwenyewe.

Juzi mafundi walimtania. "Mama, hebu tuitie ndege moja, tusikie enzi zako!" Akaita abiria wa ndege ya mwisho waelekee lango namba tatu, kwa mbwembwe zote, makofi yakapigwa. Sifa zikamlevya, akasahau mwiko wa watangazaji: ukishaita, sharti utangaze kwamba lango limefungwa. Lilibaki wazi, na wasioonekana wakaitika.

Sasa spika zile, zilizorundikwa sakafuni bila hata waya, zilimwita bintiye kwa jina la utotoni, tena kwa sauti ya mama mwenyewe. Harufu ya mafuta ya ndege ikajaa. Binti akaweka brashi chini, akaelekea lango namba tatu, ambalo nyuma yake palikuwa na shimo la msingi tu, refu la kutisha.

"Mwanangu, unakwenda wapi?"

"Wananingoja, mama," alinong'ona. "Nimebaki mimi tu."

Mama akamkumbatia kiunoni, akaburutwa. Akang'ang'ania nguzo, kucha zikang'oka, akaburutwa tena, huku spika zikiita na kuita, na nyayo za watu wasioonekana zikiwapita kushoto na kulia, na koo lake, alilojaribu kulifungua mara tatu, likitoa upepo mtupu.

"Lifunge, mama! Tangaza!" alilia msimamizi wa mafundi, mfanyakazi wa zamani wa uwanja ule, akiwa amejificha nyuma ya ngazi.

Mama hakuwa na mtoto mwingine. Alikusanya pumzi yote aliyobakiwa nayo, akapasua koo: "Lango limefungwa!"

Spika zikanyamaza. Binti alisimama hatua moja kutoka shimoni. Mama alimgeuza, akampangusa rangi shavuni, machozi yakimtiririka.

"Umerudi, mwanangu?"

Binti alitabasamu. Kinywa kilikuwa kimoja, lakini waliojibu walikuwa wengi.

"Ahsante kwa kutufungia, mama. Sote tumeshaingia."