Mwandiko wa Loveth

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Loveth alikuwa na kazi ambayo hakuna msichana mwingine wa mtaa wa Magomeni, Kilosa, aliyekuwa nayo: kumkimbiza baba yake. Yeye alipanda baiskeli, chupa ya maji ikining'inia kwenye usukani. Baba yake, Ditram, alitangulia kwa miguu kandokando ya reli mpaka darajani, kisha wakageuza.

"Baba, kuku wa Mama Nassir amekupita!"

"Huyo kuku hajala ugali wa jana," Ditram alijibu akihema. "Mimi nimebeba mzigo."

Ditram alikuwa bondia wa ngumi za kulipwa. Mji mzima wa Kilosa ulimwita Ditram Mkonge, kwa sababu gunia alilolipiga kila jioni nyuma ya nyumba lilijazwa mabaki ya mkonge. Babu yake aliletwa zamani kukata mkonge mashambani. Mjukuu, majirani walitania, anamlipia babu kisasi.

Mwaka huo Ditram alikuwa ametimiza miaka thelathini na mbili, umri ambao bondia huanza kuhesabu mapambano yaliyobaki. Ndipo ikaja habari aliyoisubiri maisha yake yote: ameitwa kupigana Hamburg, Ujerumani. Mkewe Regina, fundi cherehani, alimshonea bukta ya kijani. Loveth, aliyesifika darasa la sita kwa mwandiko, alichora herufi za njano kiunoni: MKONGE.

Siku chache baadaye kocha Bonifas alileta fomu ya waandaaji, maswali yake yameandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Ditram aliishia darasa la tano na kalamu ilimshinda kuliko mpinzani yeyote, kwa hiyo Loveth aliandika huku baba yake akifunga bandeji mikononi tayari kwa mazoezi.

"Swali la tisa," Loveth akasoma. "Je, umewahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote?"

Bandeji ilisimama.

"Baba, nimeuliza..."

"Nimesikia. Andika hapana."

Loveth akaandika HAPANA kwa herufi kubwa, akapiga na mstari chini yake, ili Wajerumani waone vizuri.

Wiki tatu zikapita. Ditram alikwenda polisi, akachukuliwa alama za vidole kwa ajili ya hati ya tabia njema, na hati ikatumwa kwa waandaaji. Kisha alasiri moja kocha Bonifas akaja. Siku zote alianza utani akiwa bado nje ya uzio. Siku hiyo aliingia kimya, akaketi bila kukaribishwa.

"Ditram, hati ya polisi inasema uliwahi kufungwa. Ni kweli?"

Cherehani ya Regina ikanyamaza. Yeye alijua. Loveth hakujua.

"Miaka kumi na tatu iliyopita," Ditram alisema taratibu. "Nilikuwa naendesha bodaboda Mikumi. Mtu akanipa gunia nilete Kilosa. Nyama ya swala, imetoka hifadhini. Sikumuuliza kuna nini ndani, maana nilijua. Nikanaswa kwenye kizuizi cha barabarani. Nilikaa jela miaka miwili."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa ungeniacha, kocha."

Bonifas alijifuta uso kwa kiganja. "Nimeongea nao kwenye simu. Wanao mabondia waliowahi kufungwa. Wanaandika ukweli, wanahojiwa, wanapanda ulingoni. La gunia umeshalitumikia, Ditram. La kwenye fomu ni la mwezi uliopita. Wamechukua mtu mwingine."

Loveth alivitazama vidole vyake. Neno lile aliliandika yeye, tena kwa mstari chini.

Kesho yake shuleni, Brayan, mtani mkubwa wa darasa, akamfuata. "We mtoto wa bingwa, babako anapanda ndege lini? Mwambie atuletee kipande cha wingu!"

"Haendi," Loveth alisema. Kisha, kabla hajafikiri, mdomo ukaendelea wenyewe: "Ameumia. Mkono wa kulia. Umevunjika."

Uongo ule ulienea darasani kabla ya mapumziko. Ijumaa mwalimu akawatuma Brayan na Lightness wapeleke pole, na ndizi mbivu mkungu mzima. Loveth aliwasihi wasije, eti mgonjwa amelala. Lakini walipokaribia nyumba, wote watatu wakasikia: du! du! du! Nyuma ya nyumba Ditram alikuwa akilipiga gunia kwa mkono wa kulia, vumbi la mkonge likiruka.

Brayan akaushusha mkungu chini. "Loveth, huyu mganga ni wa wapi? Tumpelekee na babu yangu, goti linamsumbua."

Lightness akaanza kucheka, akakatisha alipouona uso wa Loveth.

"Shikamoo, baba Loveth," wakasema. "Tumekuja kukupa pole ya mkono."

"Marahaba. Nani kawaambia nimeumia?"

Loveth alishindwa kuinua macho. "Ni mimi, baba. Niliogopa watakucheka."

Ditram akaketi chini, palepale vumbini, kama mtu aliyepigwa ngumi ya mbavu. Katika mapambano thelathini na moja alikuwa ameangushwa mara mbili tu. Hii ilikuwa ya tatu, na hapakuwa na mwamuzi wa kumhesabia mpaka kumi.

"Kaeni, wanangu," alisema baadaye. "Ndizi zenu nitazila nikimaliza kusema, kama bado mtataka kunipa."

Akawaeleza yote: gunia, jela, fomu. Hakujitetea. Alipomaliza, Brayan aliusogeza mkungu karibu na miguu ya Ditram. "Ni zako, baba Loveth. Zote."

Pambano la Hamburg lilifanyika Jumamosi moja bila Ditram Mkonge. Asubuhi hiyo alikimbia kama kawaida mpaka darajani. Kuku wa Mama Nassir alimpita, na Loveth hakusema neno. Mwaliko mwingine wa Ulaya haukuja tena.

Miezi miwili baadaye, kocha Bonifas akasikia kwamba Mikumi kuna kilabu cha vijana kinachotafuta mwalimu wa ngumi. Ditram alisita. Mikumi! Mji uleule alikolipakia lile gunia. Mwishowe akaenda, akamchukua na Loveth.

Msimamizi, dada mmoja aitwaye Costancia, akawapa fomu. Swali lilikuwa lilelile. Ditram akamkabidhi binti yake kalamu.

"Andika ndiyo. Chini yake andika gunia, andika miaka miwili. Andika na Hamburg. Usifupishe."

Safari hii Loveth hakupiga mstari chini ya neno lolote. Costancia alisoma, akarudia kusoma.

"Hapa vijana wangu wanafuatwa sana na watu wenye magunia," alisema. "Nikiwakanya mimi, wananiona dada mwenye kelele. Njoo Jumamosi, kaka. Tutakujaribu miezi mitatu."

Walipotoka, Loveth aliuliza swali alilokuwa nalo siku zote hizo. "Baba, tungeandika ndiyo siku ile, ungekwenda Ujerumani?"

"Huenda. Huenda wangenikataa vilevile. Hatutajua kamwe, na hilo ndilo linaloniuma." Ditram alisimama, akamshika bega. "Kosa la ujana nililimaliza jela, mwanangu. Lakini nililificha, likahamia nyumbani kwangu, mpaka likakushika na wewe mkono. Nisamehe. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna mtu wa kukusikiliza. Na usije ukampa mwanao uongo wako auandike kwa mwandiko mzuri."

Jumamosi Loveth alikwenda naye, chupa ya maji mkononi. Ditram alikuwa amevaa bukta ya kijani. Vijana kumi na wanne wakamzunguka, na mmoja wao akaonyesha zile herufi za njano.

"Kocha, bukta kali! Hii ulipigania wapi?"

Ditram alimtazama Loveth, kisha akawageukia vijana.

"Hii haijapigana popote," alisema. "Kaeni chini niwaambie kwa nini."