Tangi Lisilopungua

Tangi la samaki la Halidi lilikuwa linavuja, hilo kila aliyeingia sebuleni aliliona. Ambalo watu hawakuliona, na Nasra aliliona siku ya kwanza tu aliposhika dekio, ni kwamba maji hayakupungua. Sakafu ililowa kutwa nzima, matambara yakakamuliwa mpaka vidole vikachubuka, lakini ukitazama kioo, maji yako palepale, na samaki wawili wekundu wanapita taratibu kama vile hayawahusu.

Halafu maji hayo yalikuwa na njia yao. Nyumba yao ya Bigwa, chini kabisa ya mlima, ina sakafu iliyoinamia jikoni. Aliyeijenga alikuwa na haraka zake. Chochote kikimwagika sebuleni, hata soda, kinaishia jikoni. Maji ya tangi yalipanda kuelekea mlango wa mbele, yakapita chini ya zulia, yakatoka nje. Na hayakunuka samaki. Yalinuka majani yaliyooza, harufu ya vijito vya huko juu msituni.

Nasra hakuwaza jini. Aliwaza mwanamke. Halidi alilinunua tangi lile kwa mwalimu mmoja wa Mzumbe, mjane anayeitwa Jesca, aliyekuwa anahama, na tangu lifike mumewe alipata kigugumizi kila likitajwa. Akiambiwa aite fundi, anasema kesho. Akiambiwa aliuze, anatafuta simu yake. Mwanamume anayefungua injini za pikipiki kutwa nzima pale Msamvu, leo kitundu kimemshinda? Nasra akajijibu kwamba mume analijaza kwa siri, kwa ajili ya huyo aliyeliacha, na wivu ukampanda.

Lakini zaidi ya wivu alikuwa na hofu. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na mbili zilizotangulia hazikufika huko. Hospitali walimkataza hata kubeba ndoo. Akiteleza mara moja tu kwenye sakafu ile, basi.

Asubuhi moja, Halidi alipoondoka, akamwita Innocent, fundi wa vioo wa mtaa wa pili. Innocent akahamishia samaki kwenye beseni, akamwaga maji, akakausha kioo, akaanza kukwangua kwa wembe silikoni ya zamani, gundi inayoshika vioo. Alipofika kona ya chini akasimamisha wembe, akainama kuitazama kwa karibu.

"Dada, hapa hapajaachia penyewe," akasema. "Pamekatwa. Mtu kapitisha wembe, tena kwa utulivu wake."

"Paziba," Nasra akasema. Sasa alikuwa na uhakika kwamba anachezewa.

Akapaziba vizuri, akaonya tangi lisitiwe hata tone mpaka silikoni ikauke kabisa. Sakafu ikakauka. Nasra akajilaza, akapitiwa na usingizi mtamu aliousahau.

Alipoamka alasiri nyumba ilikuwa kimya, na ile harufu ya majani ilikuwa nzito kiasi cha kuonjeka ulimini. Akatoka sebuleni huku akishika ukuta, akalikuta tangi limejaa hadi ukingoni, maji yametulia, na akiwa anaandaa maneno makali ya kumwambia mume aliyerudi kimyakimya na kulijaza tena, akasikia pikipiki ya Halidi ndiyo kwanza inaingia uani, inazimwa, na ufunguo unazungushwa mlangoni.

Halidi aliona tangi, akaona kona nyeupe kwa silikoni mpya, akakaa chini palepale sakafuni.

"Nani kaziba?" akauliza, karibu ananong'ona.

Ndipo akasema yote. Marehemu mume wa Jesca aliokota mawe ya kupambia tangi kwenye kidimbwi cha mlimani, na kilichokuwa kidimbwini kikaja nayo. Mganga wa Mkuyuni aliyeitwa alikataa kukifukuza kwa nguvu. Alikata ile kona ili kitoke kidogokidogo kirudi kwao, na akaonya kwamba kikizibiwa kitatafuta pengine pa kutokea. Jesca alimwambia Halidi yote hayo kabla ya kumuuzia.

"Nilidhani ni maneno ya muuzaji anayeficha kitu kibovu," Halidi akasema. "Halafu maji yalipoanza kupanda kwenda mlangoni nikaogopa kukwambia. Kwa hali yako hiyo, Nasra, ningekwambiaje?"

Hakungoja jibu. Akachukua wembe alioacha fundi, akapiga magoti, akakata kona ile, akachimba mpaka wembe ukavunjikia ndani, akatoboa kwa bisibisi mpaka upande wa pili, akaingiza kidole chake chote kwenye tundu na kukitoa, na tangi lililojaa hadi ukingoni halikutoa hata tone moja, maji yakasimama nyuma ya tundu lile wazi bila kutikisika.

"Acha, Halidi," Nasra akasema nyuma yake. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, na gauni lilikuwa limelowa mpaka miguuni. "Yameanza kutoka."