Kompyuta Iliyovaa Sufu

Kila siku akirudi shuleni, Kisiki alivua viatu mlangoni, akamwamkia bibi yake, akanawa mikono, kisha akaenda kusimama nyuma ya kiti cha mama yake kuangalia maharusi. Mama yake alikuwa mhariri wa video za harusi. Watu walimletea picha za saa nyingi, watu wanakula, watu wanacheza, mjomba wa mtu anapiga miayo, naye akazikata na kuziunga kwenye kompyuta yake mpakato mpaka ikatoka filamu ya kuwaliza wakwe. Jina la Kisiki alipewa utotoni, kwa sababu akikaa chini na kukataa kuinuka, hata watu wazima wawili hawakumweza. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na jina bado lilimkaa sawasawa.

Siku hiyo hakuona harusi yoyote. Alimkuta Mama ameshika kichwa, na kioo cha kompyuta kimekuwa cheusi.

"Imezima tena!" Mama alisema bila kugeuka. "Nilibakiza kidogo tu filamu imalizike! Na wenyewe wanaitaka Jumamosi. Kisiki, njoo hapa. Umeweka nini humu?"

"Sijaweka kitu, Mama. Shikamoo."

"Shikamoo yako kaa nayo. Umecheza tena ule mchezo wa magari?"

Hapo pana habari yake. Muhula uliopita Kisiki aliingiza mchezo wa mbio za magari bila ruhusa. Alishikwa, akakiri, akaadhibiwa, na mchezo ukafutwa. Hilo lilikuwa kweli na hakulikana hata siku moja. Lakini tangu hapo hakuigusa ile kompyuta hata kwa kidole. Ila ndiyo hivyo tena, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Mama alikuwa ameshaumwa.

"Sikucheza," alisema Kisiki.

"Basi inazimwa na nini? Ni virusi vya mchezo wako! Kubali, omba msamaha, niipeleke kwa fundi nikijua la kumwambia."

"Siombi msamaha kwa kitu ambacho sikufanya."

"Unanijibu hivyo mimi? Haya. Mpaka utakapokubali, chama cha kompyuta pale shuleni basi. Hukanyagi!"

Loo! Hapo ndipo palipouma. Masomo mengine Kisiki aliyaendea kwa miguu. Chama cha kompyuta alikiendea mbio. Machozi yalimlenga, lakini hakutaka Mama ayaone. Aliingia chumbani akaubamiza mlango mpaka vikombe vikatikisika kabatini.

Bibi yake, mama yake Mama, alimfuata na kikapu chake cha sufu. Alikuwa amehamia kwao mwezi uliopita, na hakuwa mtu wa kukaa bure. Kitu chochote chenye waya alikifumia vazi kisipate vumbi: redio, televisheni, hata pasi. Kompyuta ya Mama ilipata vazi jekundu lililoikumbatia chini na pembeni, likaacha vitufe na kioo tu. Ilipoanza kuzimazima, Bibi alisema vumbi limezidi, akafuma vazi jingine la kuvalishwa juu ya lile la kwanza. Kila mteja aliyeingia aliisifia, na Mama alijidai nayo.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, akikaa ukingoni mwa kitanda, "kubali tu yaishe. Neno 'nisamehe' halivunji jino."

"Yaishe vipi, Bibi? Nikikubali leo, kesho ikizima tena nitakubali nini?"

Bibi aliinuka na kikapu chake. "Kisiki kweli wewe," alisema, akarudi sebuleni.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Kisiki alimwendea mwalimu wa kompyuta kumuaga. Alidhani ataongea kwa maneno mawili, lakini habari yote ikamtoka. Mwalimu alimsikiliza huku akifuta ubao.

"Hiyo kompyuta inazima wakati gani?" aliuliza.

"Mama akianza kuunganisha filamu nzima. Akiandika barua tu haizimi. Na kabla ya kuzima feni inavuma, halafu kila kitu kinakwenda polepole."

"Sikiliza. Ndani yake kuna prosesa. Ndiyo inayopiga hesabu zote, na kuunganisha filamu ni hesabu nzito. Ikifanya kazi nzito inapata joto, kama wewe ukikimbia uwanja mzima. Kwa kawaida feni inavuta hewa ya nje kupitia matundu, mara nyingi yako chini, na kuitoa ya moto pembeni au nyuma. Joto likipanda mno, prosesa inapunguza mwendo. Likizidi kupanda, kompyuta inajizima yenyewe isiungue."

"Kwa hiyo si virusi?"

"Sijui. Wewe hujui, na mama yako hajui. Virusi pia vinaweza kuichosha. Ndiyo maana watu hupima badala ya kugombana." Alimpa flashi yenye programu ndogo ya kupima joto. "Lakini omba ruhusa. Ukiiweka kwa kificho, utakuwa umejifunga kamba mwenyewe."

Jioni Kisiki alisimama mbele ya mama yake, flashi mkononi.

"Unataka kuweka kitu kingine humo?" Mama aling'aka.

"Ndiyo, mbele ya macho yako. Kama kuna mchezo wangu, utafute sasa hivi. Kama ni joto, tutaliona."

Mama alimkazia macho. Mtoto hakuyakwepesha yake. Mama alipekua kila pembe ya ile kompyuta, hakuona mchezo, na programu ya kusaka virusi haikukuta kitu. Akashusha pumzi. "Weka."

Walianza kuunganisha filamu. Namba kwenye kioo ilisoma nyuzijoto sitini, ikapanda sabini, themanini, tisini. Feni ikaanza kuvuma. Ilipofika tisini na saba Kisiki alipiga kelele, "Simamisha, Mama, itazima!" Mama akasimamisha. Kisiki aliingiza vidole chini ya kompyuta akavitoa upesi. Palikuwa pa moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

"Mama, matundu ya hewa yako wapi?"

Mama aliinama, akapapasa. Matundu yalikuwa chini, ndani ya sufu, na mengine pembeni, ndani ya sufu vilevile. Wote wawili waligeuka kumtazama Bibi.

"Msinitolee macho," alisema Bibi. "Vazi langu halijaua mtu."

Waliizima kompyuta, wakaivua yale mavazi yote mawili. Matundu yalikuwa yamezibwa na manyoya mekundu. Mama aliyasafisha taratibu kwa brashi laini, akaiinua kompyuta kwa vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini, wakaanza upya. Namba ilipanda mpaka sabini na nane, ikatulia hapo.

Bibi hakukubali. "Ivisheni tena!" Wakaivisha, namba ikapanda. "Ivueni!" Wakaivua, ikashuka. "Vazi moja tu!" Ikapanda. Bibi aliinamia kioo, akaitazama ile namba kwa hasira, kisha akachukua mavazi yake akayakunja. "Haya, ikae uchi. Shauri yake."

Kisiki alicheka mpaka akakaa sakafuni. Filamu iliendelea mpaka mwisho, na kompyuta haikuzima.

Mama alikigeuza kiti. "Nisamehe, mwanangu," alisema, mbele ya Bibi, bila kuzungukazunguka. "Nilikuhukumu kwa kosa la zamani."

Tangu jana Kisiki alikuwa amelisubiri neno hilo kwa hasira. Sasa lilipokuja, alishindwa hata kumtazama mama yake usoni. "Na mimi nisamehe, Mama. Mlango niliubamiza. Mchezo ndio sikucheza."

"Nimesikia, na ni kweli." Mama alimshika bega. "Ungekubali jana ili yaishe, ningempelekea fundi hadithi ya virusi, na sufu ingebaki palepale ikiichoma mashine kidogokidogo. Kwa hiyo shika neno hili. Ukikosa, sema umekosa, hata kama hakuna aliyekuona. Usipokosa usikubali, hata anayekubana akiwa mama yako. Lakini ukishakataa usiishie chumbani kununa. Nenda kautafute ukweli, uulete mezani tuuone sote, kama ulivyofanya leo."

"Na chama cha kompyuta?"

"Kesho uwahi," alisema Mama. "Na umwambie mwalimu wako umenishinda."